Pikipiki ya kwanza ya Bi. S: uchambuzi wa kisa kutoka kivuko cha Likoni

Ninafundisha watu wazima kuendesha pikipiki hapa Mombasa, wengi wao wasiotaka kazi ya boda bali chombo cha kwendea kazini na kurudi. Kisa hiki nimekiandika kwa idhini ya mwenyewe. Jina, kazi kamili na mtaa vimebadilishwa au kuachwa. Vipimo, mpangilio wa matukio na sababu za kila uamuzi ni vilevile.

Usuli

Bi. S ni mama wa miaka thelathini na kitu, karani katika ofisi ya forodha upande wa kisiwani. Anakaa ng'ambo, Likoni, kwenye mtaa wa vumbi na mawe ulioachana na lami. Kila siku huvuka feri kwa miguu, kisha hupanda matatu. Kilichomchosha zaidi ni kurudi: akichelewa ofisini hulazimika kuchukua boda usiku kutoka kivukoni hadi nyumbani, na dereva humjui wala pikipiki yake huijui hali.

Urefu wake ni sentimita 156. Kutoka kwenye nyonga kwa ndani hadi chini ya kisigino tulipima sentimita 71, na hiki ndicho kipimo kilichokuja kuamua mengi. Hakuwahi kuendesha chochote ila baiskeli utotoni. Huvaa buibui, na hakuwa na nia ya kuliacha kwa ajili ya pikipiki. Bajeti yake ilikuwa Sh160,000, kila kitu ndani.

Washauri hakukosa. Kaka yake mkubwa alikuwa na pikipiki ya michezo ya cc 200 aliyotaka kumuuzia kwa bei ya undugu. Ami yake ana pikipiki aina ya Boxer za cc 150 zinazofanya kazi ya boda, akawa tayari kumwachia moja kwa bei ndogo sana. Mfanyakazi mwenzake alikuwa anauza skuta. Wote walimtakia mema, na kila mmoja alikuwa akimshauri kwa pikipiki aliyokuwa nayo.

Arubuni

Kabla hajafika kwangu, Bi. S alikwisha kumpa kaka yake arubuni ya Sh20,000. Alikuja nayo hiyo pikipiki uwanjani, kaka mwenyewe akiwa ameiendesha, yeye nyuma.

Pikipiki ilikuwa nzima na imetunzwa. Injini ya namna ile hutoa nguvu za farasi zaidi ya 20, karibu maradufu ya pikipiki ya kawaida ya cc 125, na uzito wake unapita kilo 140. Kiti kilikuwa juu kidogo ya sentimita 80 kutoka ardhini. Bi. S alipokaa, vidole vya miguu viligusa, visigino vikaning'inia. Kwenye ardhi tambarare alitoa klachi vizuri, yaani kile kishikio cha mkono wa kushoto kinachounganisha injini na gurudumu, akaenda, akasimama, akaenda tena. Kaka alifurahi.

Tatizo lilikuja aliposimama mahali palipoinama kidogo, pembeni mwa uwanja. Mguu wa kulia ulishuka upande ambao ardhi ilikuwa chini zaidi, haukufika, na pikipiki ikamlalia taratibu. Wenzo wa breki ulipinda, kifundo cha mguu kikavimba. Akakaa chini akaniambia, "Mwalimu, mimi si mtu wa pikipiki." Nikamwambia, "Dada, kwa klachi uliyoitoa leo, wewe ni mtu wa pikipiki. Hii ndiyo si yako."

Kaka yake hakulipenda jibu hilo. Hoja yake ilikuwa kwamba atazoea, na kwamba akinunua ndogo atajuta baada ya miezi michache. Ni hoja ninayoisikia kila mara na inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa hiyo nitairudia katika uchambuzi.

Kwenda kuiangalia njia kwa miguu

Sikumwonyesha pikipiki nyingine siku ile. Nilimwomba tukutane kivukoni siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, saa ambazo yamepwa.

Kwa asiyevuka kila siku: maji yakijaa, chombo hukaa juu na mteremko wa saruji unaoutumia ni mfupi. Maji yakipwa, hasa siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hufunuka sehemu ya chini ambayo muda mwingi huwa ndani ya bahari. Hapo saruji imelowa na ina utelezi wa kijani. Mwisho wake lipo bati la chuma la kivuko, limelowa, lina mistari iliyosuguliwa na magari hadi ikawa laini. Chuma kilicholowa hakishiki tairi kama lami inavyoshika, hata lami yenye maji.

Tulisimama pembeni tukiwatazama wanaopanda na pikipiki. Hakuna aliyepanda moja kwa moja. Umati wa waendao kwa miguu ukisita, pikipiki zote zinasita, na nyingi zilisita mlimani. Nilimwomba amtazame mtu mmoja tu tangu juu hadi chini: mguu wa kulia umekaa kwenye breki ya nyuma, wa kushoto umeshuka wote, nyonga imesogea kidogo kushoto, klachi inaachiwa mpaka injini inapobadilisha sauti, ndipo breki inalegezwa. Mwendo wa hatua tatu, kisha tena. Ndani ya kivuko, baharia akamwashiria arudi nyuma apishe gari. Akaisukuma kwa miguu miwili, akiwa amekaa, kuelekea nyuma.

Bi. S akasema, "Kumbe kazi yote iko hapa, si barabarani." Tukaandika masharti palepale kwenye daftari lake:

- nyayo yote ya kushoto ifike chini wakati wa kulia uko kwenye breki;
- aweze kuisukuma nyuma mwenyewe, amekaa;
- aweze kuinyanyua ikilala, au kwa msaada wa mtu mmoja;
- magurudumu makubwa, kwa sababu ya mashimo ya mtaani kwake;
- cheni iliyofunikwa yote, kwa sababu ya buibui.

Kasi haikuandikwa. Kikomo cha mjini ni kilomita 50 kwa saa, na njia yake kutoka Likoni hadi ofisini haina mahali pa kukizidi hata mtu akitaka.

Boxer ya ami

Ami alishikilia kauli yake: "Mwanangu, pikipiki ni Boxer. Nyingine zote utatafuta spea mpaka uchoke." Kuhusu spea alisema kweli tupu. Mombasa hii hakuna kona isiyo na fundi anayeijua Boxer akiwa amefumba macho, na kwa mtu mwenye miguu mirefu kidogo ningemwambia aichukue bila kufikiria mara mbili.

Lakini ile mahususi ilikuwa imefanya kazi ya boda miaka. Ilichomelewa keria nzito nyuma na vyuma vya kinga mbele, uzito ukaongezeka tena juu juu, mahali pabaya kwa anayejifunza. Klachi ilikuwa imelika na ilishika mwisho kabisa wa wenzo, na mwanafunzi hawezi kujifunza klachi kwenye klachi iliyochoka. Halafu logibuku, hati ya umiliki, ilikuwa bado kwa jina la mwenye kuimiliki kabla ya ami. Uhamisho wa umiliki huanzishwa na muuzaji aliyeandikwa, kwenye akaunti yake ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kisha mnunuzi hukubali. Aliyeandikwa asipopatikana, hakuna njia ya mkato. Bi. S alimshukuru ami yake kwa adabu zote, akamwambia miguu haifiki. Ilikuwa kweli, na haikumvunjia mzee heshima.

Skuta

Hapa nilikaa muda mrefu zaidi, maana skuta ilimfaa kwa mengi. Haina klachi ya mkono. Miguu yote miwili ilifika chini kwa nyayo nzima. Buibui linakaa mbele bila kugusa kitu. Breki ya nyuma iko mkono wa kushoto, kwa hiyo mlimani unaweza kushusha miguu yote miwili na bado umeshika breki, faida kubwa sana pale kivukoni. Angekuwa anakaa Nyali au Tudor, kwenye lami hadi mlangoni, kisa hiki kingeishia hapo.

Tuliijaribu kwenye mtaa wake baada ya mvua. Gurudumu dogo huingia ndani ya shimo ambalo gurudumu la inchi 17 hulivuka kwa mtikisiko tu. La mbele liliingia kwenye shimo lililojaa maji, usukani ukakata kulia, na ni mwendo wa pole pekee uliomwokoa asianguke. Msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mtaa ule hukaa na madimbwi kwa siku nyingi. Akaiacha, kwa masikitiko.

Ile ya cc 125

Iliyonunuliwa ilikuwa ya cc 125 iliyotumika, ya mtumishi mstaafu, Sh85,000. Uzito wake ni karibu kilo 120, ina kiki na stata, cheni imefunikwa juu na chini. Kiti kilikuwa juu kidogo kuliko tulivyotaka, ila sponji yake ilikuwa nene, na sponji hupungua.

Pwani, ukaguzi wa pikipiki iliyotumika una mambo yake. Rangi ya tanki haikuambii kitu. Niliangalia ndani ya tanki kwa tochi, chini ya bomba la moshi, mahali spoku zinapoingia kwenye ringi, na kwenye viungo vya nyaya nyuma ya taa. Hapo kwenye nyaya nilikuta ukungu wa kijani, shaba iliyoliwa na chumvi. Nikamuuliza mzee anaioshea wapi. Akasema nyumbani, kwa maji ya kisima. Visima vingi vya kwetu ni vya maji ya chumvi, na pikipiki iliyooshwa kwayo kila Ijumaa huoza nyaya hata kama haijawahi kuiona bahari. Tulipunguziwa bei ya kubadilisha nyaya za mbele, na Bi. S akajua tangu siku hiyo kuosha kwa maji ya bomba, na kuipaka cheni oili kila baada ya kuosha.

Jambo la pili lilikuwa tairi. Lilikuwa na meno ya kutosha, lakini ubavuni zimo tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, na tairi la mbele lilikuwa la zamani mno. Mpira ulikuwa umekauka hata ukucha hauzami. Nikapendekeza abadilishe yote mawili kabla ya kwenda kivukoni. Akakubali, na Sh9,000 zikatengwa.

Fundi wa viti alikata sponji kiasi cha sentimita tatu na kuishona upya, nyembamba zaidi upande wa mbele mapaja yanapopita. Kukata upembamba mbele kulisaidia kuliko hata kupunguza urefu. Sasa nyayo ya kushoto ilifika.

Fundi wa mtaani

Wiki ile ile, fundi jirani alimwambia Bi. S kwamba angeweza kuishusha zaidi kwa kubadilisha shokabzoba za nyuma na kuweka fupi. Alikubali bila kuniuliza, na fedha alizolipa ni zile za tairi.

Kwa siku moja alifurahi, miguu yote miwili ilifika. Kisha akaegesha uani kwa stendi ya pembeni, akaingia ndani, na pikipiki ikaanguka upande wa pili, juu ya ndoo za maji. Kioo kikavunjika. Sababu ni rahisi: nyuma ikishuka, stendi ya pembeni haifupiki. Inabaki ndefu kwa pikipiki iliyo chini, basi pikipiki haiegemei tena, inasimama wima, na upepo wa kusi au paka anayeruka huitosha. Pia bati la matope la nyuma lilianza kugusana na tairi alipobeba mzigo.

Tulirudisha shokabzoba za asili. Kiti kilichopunguzwa kikabaki. Tairi likasubiri mwisho wa mwezi, kisha mwezi uliofuata.

Matokeo

Leseni aliyoiomba ni ya daraja A2, la pikipiki za binafsi, tofauti na A3 la boda, na alifaulu. Mazoezi yalikwenda kwa ngazi: uwanjani, mitaa ya Likoni Jumapili asubuhi, kivukoni maji yakiwa yamejaa na watu wachache, kisha kivukoni maji yakiwa yamepwa. Ngazi hii ya mwisho alianza na tairi lile la zamani.

Alianguka mara moja. Ilikuwa kwenye bati la chuma, asubuhi ya bamvua. Mtu alikatiza mbele, Bi. S akashika breki ya mbele badala ya ya nyuma, na gurudumu likateleza kando. Mwendo ulikuwa wa mtu anayetembea. Goti lilichubuka kupitia suruali aliyovaa ndani ya buibui, glavu zikachanika, mikono ikabaki salama. Kijana mmoja alimsaidia kunyanyua, wakanyanyua kwa mara moja, na kivuko hakikuchelewa. Tairi la mbele lilibadilishwa wiki hiyo.

Tangu hapo huvuka siku nyingi za kazi na kufika nyumbani kabla ya magharibi. Siku za mvua kubwa huiacha na kupanda matatu, na hilo tulikubaliana tangu mwanzo. Arubuni ilirudishwa, baada ya mama yao kuingilia kati. Sasa kaka ndiye anayemsaidia kukaza cheni.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kwenda kivukoni kwa miguu kabla ya kuzungumzia bei. Uwanjani pikipiki ya cc 200 ilionekana inawezekana, na ingeanguka naye kwenye saruji iliyolowa kati ya watu wenye watoto mgongoni. Masharti yaliyoandikwa kutokana na njia yenyewe yalimpa pia maneno ya kuwajibu jamaa. "Nyayo haifiki" ni jibu ambalo halimshushi mtu hadhi. Angesema "naogopa", angebishiwa mpaka akubali.

La pili ni kununua iliyotumika kwa karibu nusu ya bajeti. Zilizobaki ziligharimia mafunzo, leseni, bima, nyaya, na helmeti nzuri ya kufunika uso wote yenye alama ya ECE, ya kiwango cha usalama cha Ulaya. Sheria ya Trafiki inamtaka dereva na abiria wavae helmeti na jaketi linaloakisi mwanga, lakini haikulazimishi kuvaa glavu, na glavu ndizo zilizookoa viganja vyake. Wanaomaliza fedha zote kwenye pikipiki huja uwanjani na helmeti ya kuazima inayozunguka kichwani.

Sasa hoja ya kaka, kwamba ndogo utaichoka. Ni kweli cc 125 ina mipaka. Bi. S akitaka kupita barabara ya Dongo Kundu kukwepa feri, atakutana na upepo wa pembeni na trela za bandarini zinazokwenda kasi, na hapo ningependa awe na cc 150 au zaidi, na uzoefu zaidi. Angekuwa anatoka Mtwapa kila asubuhi, kwa barabara kuu, ushauri wangu ungekuwa mwingine tangu mwanzo. Lakini kuichoka pikipiki baada ya mwaka ni hasara ya fedha kidogo, na pikipiki ya cc 125 iliyotunzwa huuzika hapa haraka. Anayeanza na nzito hujifunza kuogopa mapema, akaacha kabisa, au akajifunza kuiburuta miguu badala ya kutumia breki ya nyuma. Tabia hiyo nimeiona ikibaki kwa watu miaka.

Kilichoshindwa ni mambo mawili yaliyoshikana. Arubuni ililipwa kabla ya kipimo, ikageuza swali la miguu kuwa swali la undugu, na kwa muda Bi. S alikuwa anatafuta namna ya kuufanya mwili wake uifae pikipiki ya kaka. Shokabzoba fupi nazo zilinunua raha ya siku moja kwa fedha za tairi. Mnyororo wake uko wazi: kuishusha kulivunja kioo, kukala fedha, kukachelewesha tairi, na tairi kavu likakutana na chuma kilicholowa. Kosa la breki ya mbele lilikuwa lake kama mwanafunzi, na tulilifanyia mazoezi. Tairi jipya pengine lingemsamehe.

Linalojadiliwa sasa ni abiria. Bi. S anataka kumvusha mtoto wake wa miaka tisa kwenda shule kisiwani. Miguu ya mtoto inafika kwenye vikanyagio, helmeti ya saizi yake inapatikana, na sheria inaruhusu abiria mmoja. Nimemtaka kwanza avuke na dada yake mtu mzima nyuma, maji yakiwa yamepwa, mpaka kuondoka mlimani na uzito wa watu wawili kusimtishe. Wiki hii wameanza uwanjani.